Mafuta ya Papa Kwenye Kompyuta

Kilwa Masoko,
19 Oktoba 1997

Kaka Yahya,

Shikamoo. Huku kwenu sote tunapumua, ila goti la Mama Mkubwa limeanza tena kuvimba na kuku wake wawili wamekufa siku moja, anashuku jirani. Baba yako, yaani Baba Mkubwa, macho ni yaleyale. La kulia limefunga ukungu kabisa. Kwa hiyo ujue kwamba barua zako zote namsomea mimi, na zake kwako naziandika mimi. Wiki iliyopita nilivuka kwenda Songo Mnara kuwaona wazazi wangu. Mama anauliza utaoa lini. Nimefikisha.

Sasa mzigo, kompyuta uliyomnunulia Baba Mkubwa. Umefika Alhamisi, umefungwa blanketi la kijivu kama mgonjwa. Baba Mkubwa alipoupapasa akasema, "Kiinua mgongo changu cha miaka ishirini na sita ndicho hiki? Mbona redio ya Kondo kubwa zaidi?" Kondo, yule fundi redio wa ng'ambo ya barabara, akaitikia kutoka kwenye meza yake, "Mzee Abilahi, hicho si kitu cha kusikiliza taarabu!" Watu wa barazani wakacheka. Mimi nilikuwa ndani, nikacheka peke yangu.

Nimeiwasha kama ulivyoelekeza. Ikalia mara moja, ikahesabu namba juu kushoto hadi 4096, ikaendelea. Nimeandika yote kwenye daftari, tarehe na namba, kama ulivyoagiza.

Lakini kaka, nisamehe, kibodi ile inatia kinyaa. Niliipindua nikaipiga mgongoni kidogo, zikamwagika nywele za rangi ya majani makavu, makombo ya biskuti na kucha. Kucha ya mtu, kaka. Imekatwa, imepinda. Huko Ulaya ilikotoka kuna mtu alikaa ofisini akakata kucha juu ya kazi yake, na mimi wa Kilwa ndiye nimeirithi. Siku hiyo sikula mchana. Nimeviosha vitufe vyake kimoja kimoja kwa pamba na spiriti lakini bado kila nikiandika herufi nahisi namshika mtu nisiyemjua.

Tafadhali niandikie jinsi ya kuitunza. Kusoma maandishi ya Kiingereza yanayotokea naweza. Wateja wa kupigiwa chapa ndio siwezi. Wakiingia najificha nyuma ya skrini, wanadhani mashine inajiendesha.

Mdogo wako,
Ziada


Dar es Salaam,
5 Novemba 1997

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo, pole na goti na pole na kuku. Mimi huku sijambo, kazi ni nyingi, bosi wangu hanipi hata nafasi ya kunywa chai. Kila mfanyabiashara wa mji huu sasa anataka kompyuta, hata asiyejua kuiwasha. Soko huria, Baba. Wakati wenu mlisubiri kibali cha taipureta mwaka mzima.

Ziada, najua wewe ndiye unayesoma, kwa hiyo paza sauti, usimezee maneno.

Msiidharau kwa udogo wake. Ilikuja na memori ya megabaiti nne. Mimi kwa mkono wangu nikaitoa, nikaweka vipande viwili vya nane nane, jumla kumi na sita. Baba, memori ni kama meza ya karani: ikiwa pana unatandaza majalada mengi kwa wakati mmoja. Hapo Kilwa hakuna meza pana kama hiyo yako.

Matunzo ni haya. Mama asiivishe vitambaa vya kusuka, itakosa pumzi, maana feni yake inatolea joto nyuma. Umeme wa jenereta la mji ukikatika, chomoeni waya, na ukirudi subirini kidogo kabla ya kuwasha. Diski msiziweke juu ya spika ya redio. Na zaidi ya yote, hewa ya bahari. Chumvi inakula chuma ndani kwa ndani bila kuonekana. Ziada, wewe ni mtoto wa Songo Mnara. Ilinde mashine hiyo kama kwenu wanavyolinda vyombo vyao baharini.

Mwanenu,
Yahya


Kilwa Masoko,
30 Novemba 1997

Kaka Yahya,

Shikamoo. Mvua ya mwaka huu si mvua, redioni wanaiita elinino. Choo cha uani kimejaa maji na kila kilichokuwa chini sasa kiko juu, sitaki kueleza. Mama Mkubwa ameuvua ule mtandio aliokuwa ameishonea mashine, ingawa alinuna. Baba Mkubwa anasema asante kwa meza pana, anawasimulia watu wote barazani, na kila mgeni anaambiwa kumi na sita, kumi na sita, hata wasiojua kumi na sita ya nini.

Ila mashine imekufa. Imekuwa hivi. Kwanza ilianza kuganda. Nilikuwa napiga chapa barua ya Mwalimu Valentini ya kuomba uhamisho arudi kwao Rondo, nikifika ukurasa wa pili, kimya, herufi hazisogei. Hiyo tangu mwanzo. Halafu Jumatatu nikaiwasha ikalia mara tatu, ikanyamaza, ikalia tena mara tatu, skrini nyeusi.

Na inanuka. Mwalimu Valentini alipoingia alisimama mlangoni akaziba pua kwa ile barua yake, akasema, "Jamani, mmeanika pweza humo ndani?" Nikatamani ardhi inifungukie. Sisimizi wameweka njia kutoka dirishani hadi kwenye matundu ya nyuma, wanaingia na kutoka kama wana leseni. Mende pia. Jana nilisogeza sanduku, mmoja akatoka kwenye tundu la diski, taratibu, masharubu kwanza, akanitazama.

Baba Mkubwa ananiuliza kila saa, "Imeamka?" Namjibu bado.

Niambie nifanye nini. Mimi sijui harufu imetoka wapi.

Ziada


Dar es Salaam,
12 Desemba 1997

Baba na Mama, shikamooni. Barua ya Ziada imenikuta mzima ila nimeumwa malaria siku nne. Nasikia barabara ya kusini imekatika, kwa hiyo hii nampa mtu wa boti, Mungu akipenda mtaipata kabla ya Ramadhani.

Ziada, milio mitatu maana yake mashine haiioni memori yake. Mara nyingi kipande kimelegea au meno yake yameshika uchafu. Ifungue. Chomoa waya kwanza, gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa bodi ili umeme wa mwili wako utoke. Vipande vya memori ni vile vyembamba vilivyosimama. Kitoe, sugua meno yake kwa ufutio wa penseli, kirudishe mpaka kisikike kikibana. Kama unaogopa, mwite Kondo, ana bisibisi na mkono wake hautetemeki. Asiguse kingine.

Mende ni wa kwenu huko. Fagieni.

Yahya


Kilwa Masoko,
18 Januari 1998

Kaka Yahya,

Shikamoo, na mfungo uwe mwepesi kwako. Barua yako ya Desemba imefika majuzi, imelowa, inanuka mafuta ya taa. Sote tunafunga isipokuwa Mama Mkubwa kwa ajili ya dawa za goti. Songo Mnara sijaenda, bahari mbaya.

Hii barua ni yako peke yako. Baba Mkubwa nimemwambia nakuandikia mambo ya mashine tu, akasema andika, akalala.

Nilikudanganya. Harufu najua ilikotoka. Uliandika niilinde kama kwetu wanavyolinda vyombo vyao. Kaka, kwetu vyombo vinapakwa sifa. Wewe umezaliwa mjini, labda umesahau: ini la papa linawekwa juani hadi liyeyuke, mafuta yake yanapakwa kwenye mbao na kwenye misumari, na chumvi haipenyi. Baba yangu hajawahi kuwa na msumari ulioota kutu. Nikamwomba chupa moja. Siku Baba Mkubwa alipokwenda mazikoni nikafungua parafujo nne kwa kisu cha mezani, nikapaka kwa unyoya wa kuku. Bodi nzima. Miguu ya kila kidude. Feni nikaipa matone mawili katikati. Nilifanya kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na nilipofunga nilijiona nina akili kuliko darasa zima.

Siku ya tatu mafuta yakachacha. Yalinikaa kwenye kucha. Shuleni wasichana wa mbele yangu walihamisha dawati na mimi nikajifanya ninatafuta kalamu sakafuni mpaka kengele.

Kondo alikuja Jumamosi. Alipofungua mfuniko alirudi nyuma akasema, "Astaghfirullah." Humo ndani, kaka, vumbi limeshikana na mafuta limekuwa manyoya meusi. Feni imegandiana na nzi. Kuna mjusi alikuwa amekufa kwenye kona, amekauka nusu, nusu bado. Mayai ya mende yamepangwa pembeni mwa bodi, safu safi kuliko ghala la korosho. Nilikimbilia uani kutapika, na nimefunga. Siku ile nitailipa.

 Kondo alinusa kidole chake, akanitazama, nikatazama ukuta. Akajua. Amefanya kazi siku tatu kwa spiriti, brashi ya rangi na ufutio wangu wa shule, na kitambaa puani. Kinyaa chote nilichokifanya mimi amekitoa yeye kwa mikono yake. Baba Mkubwa alipouliza ni nini, akasema, "Mvua, Mzee. Mvua imeleta wadudu." 

Mashine imeamka. Imelia mara moja, ikahesabu 4096, ikaendelea. Inaganda bado ukurasa wa pili. Kondo anasema ndani amekuta kipande kimoja tu cha memori, na kando yake nafasi tupu. Anauliza, ndivyo ilivyo?

Mdogo wako mwenye aibu,
Ziada


Dar es Salaam,
20 Februari 1998

Baba, shikamoo. Idi njema kwenu nyote ingawa imepita. Nilituma kanga kwa Mama na shati kwako, sijui kama mtu wa boti ni mwaminifu.

Baba, nimesikitika. Nilituma mashine yenye memori ya kumi na sita, vipande viwili. Sasa nasikia ndani kuna kipande kimoja. Vipande vya memori havina miguu ya kutembea. Ni vidogo, vinaingia mfuko wa shati, na mjini vinatafutwa sana. Sitaki kumtaja mtu na sitaki kugombanisha majirani. Nauliza tu: nani amefungua sanduku hilo?

Ziada, msomee Baba hapo vizuri.

Yahya


Kilwa Masoko,
15 Machi 1998

Kaka Yahya,

Shikamoo. Kanga na shati vimefika, Mama Mkubwa anakuombea. Goti limepungua. Mvua haijaacha.

Nimemsomea vizuri, kama ulivyoagiza. Nilimsomea barazani kwa sababu ndiko alikokuwa amekaa, na watu wake wa kila siku, kama kumi hivi, na mzee Yunusu muuza kahawa. Nilipofika "vinaingia mfuko wa shati" niliyasoma haraka haraka. Baba Mkubwa akasema, "Rudia." Nikarudia. Akauliza, "Nani alifungua?" Kaka, kila mtu pale alikuwa anajua jibu. Hawakunisubiri mimi.

Baba Mkubwa akasimama, akaelekeza uso wake ng'ambo ya barabara, hamwoni lakini alielekeza, akaita, "Kondo! Ulipofungua mashine yangu uliondoka na nini?"

Kondo akaweka chini redio ya mtu. "Niliondoka na kichefuchefu, Mzee. Sijala samaki tangu siku ile."

"Nakuuliza kwa heshima."

"Na mimi nimejibu kwa heshima. Nilikuta kipande kimoja, nimeacha kipande kimoja."

"Mwanangu aliweka viwili. Kwa hiyo mwanangu mwongo?"

 Kondo akanitazama mimi. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu ili waondoke. Nilikuwa nimeshika barua yako, na nilichofanya ni kuikunja. Nikaikunja mara nne, nikaingia ndani.

Nilisikia Baba Mkubwa akisema neno lile. Mwizi. Hakulipigia kelele, alilisema kama mtu anayetaja kabila.

Tangu siku hiyo hakuna anayempelekea Kondo redio. Mzee Yunusu alichukua yake ikiwa imefunguliwa, nyaya zinaning'inia, akaondoka nayo kwapani kama kuku. Watoto wakipita wanapapasa mifuko ya mashati yao na kucheka. Kondo anakuja kila asubuhi, anapanga vyombo vyake, anakaa mbele ya meza tupu mpaka jioni, anapanga upya, anaondoka. Mke wake hachoti tena maji kwetu.

Sasa nakuuliza jambo. Nimefungua daftari langu. Ukurasa wa kwanza, tarehe kumi na saba Oktoba, siku ya kwanza kabisa kuiwasha, kabla sijagusa parafujo hata moja: 4096. Mwalimu wetu wa hesabu ana kitabu cha kompyuta, kimeandikwa kwa Kiingereza, nimekisoma chote. Memori ya kumi na sita inahesabu hadi 16384. Memori ya nne inahesabu 4096. Mara ya kwanza nilipopiga hesabu nilidhani nimekosea. Nimeipiga mara sita.

Siwezi kumwonyesha Baba Mkubwa daftari bila kueleza ni nani alifungua kwanza na kupaka nini. Ndiyo sababu sijasema. Mimi nanuka, kaka. Nanawa, bado nanuka.

Nieleze ilikuwaje. Nijibu hilo tu.

Ziada


Dar es Salaam,
8 Aprili 1998

Baba na Mama, shikamooni. Nashukuru kusikia goti linapona. Hapa mvua imeharibu nusu ya mji, gari linazama hadi madirishani. Nimepata chumba kipya, kina dirisha. Mambo ya mashine yasiwaumize vichwa, nitatuma memori nyingine nikipata nafasi. Yaliyopita yameshapita, tusiendeleze maneno na majirani.

Ziada, nimekuandikia ukurasa wa pili kwa Kiingereza. Ni wa mazoezi ya lugha, mtihani wako wa kidato cha pili unakuja. Usimchoshe nao Baba.

Yahya


Kilwa Masoko,
3 Mei 1998

Kaka Yahya,

Barua yako ya Aprili imefika Ijumaa. Hatujambo. Mama Mkubwa anatembea bila mkongojo.

Ukurasa wa pili nimeusoma mara ya kwanza chooni, maana ndipo pekee panapofungwa kwa komeo, na nilipomaliza sikuona tofauti ya harufu. Nimeusoma tena kwa kamusi ili nisikuonee. Hukuonewa. Kiingereza chako ni kizuri, kaka, kila kitu kimekaa mahali pake.

Umeandika kwamba mashine ya mteja wa bosi wako uliiunguza wewe mwenyewe ukiweka memori kinyume, na bosi angekufukuza. Kwamba jioni ya kabla ya kutuma mzigo ulifungua mashine ya Baba, ukachukua vile vipande viwili ukamwekea mteja, ukarudisha kile cha nne. Kwamba ulifikiri Kilwa hakuna mtu atakayejua kuhesabu.  Halafu umeandika kwamba wewe umeitunza siri yangu ya mafuta, kwa hiyo nami niitunze yako, sote tutoke salama. Na Kondo ni fundi redio tu, watu watasahau.

Mende niliyemwona kwenye tundu la diski hakunitia kinyaa kama sentensi hiyo. Yule alikuwa mende.

Najua ulitaka niimalizie chini kwa chini kwa kuwa siwezi kusema mbele za watu. Kweli siwezi. Jana, baada ya sala ya alasiri, walikuwa barazani walewale, na mzee Yunusu na kahawa yake. Nilitoka na karatasi zako zote mbili. Baba Mkubwa akasema, "Barua ya Yahya? Si ulishanisomea?"

Nikasema, "Nusu."

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Ya Kiingereza. Nitaisoma kwa Kiswahili."

Nikaegemea nguzo. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi. Sikuongeza wala kupunguza. Nilipofika sehemu ya mafuta nilisema mwenyewe kabla ya maneno yako, kwamba nilifungua, nilipaka sifa kwa unyoya, nikamwacha Kondo asafishe uoza wangu, na akanifichia. Mtu mmoja akacheka, "Sifa! Kwenye kompyuta!" Baba Mkubwa akasema, "Nyamaza wewe. Endelea, mwanangu." Sauti yangu ilikuwa ndogo, hata hao wa karibu walikuwa wanainamisha vichwa.

Nikamaliza.  Mzee Yunusu aliangalia vikombe vyake. Ndipo tukamsikia Kondo kutoka ng'ambo. Alikuwa amekaa mbele ya meza yake, pasi ya kulehemu mkononi, baridi, haikuwa hata na waya kwenye umeme.

"We Ziada. Hapo pa vipande viwili sikusikia vizuri. Rudia."

Nikarudia. Sentensi ile ya jioni ya kabla ya kutuma mzigo.

"Bado. Gari limepita."

Hakuna gari lililopita. Barabara ilikuwa tupu hadi sokoni. Nikatoka barazani, nikasimama katikati ya barabara, nikasema mara ya tatu bila kutazama karatasi, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Wanawake kwenye kisima wakageuka. Mtoto mmoja aliyekuwa anapita aliondoa mkono mfukoni mwa shati.

Kondo akasema, "Sasa nimesikia," akaanza kupanga vyombo vyake, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Baba Mkubwa alitaka apelekwe ng'ambo. Nilimshika mkono. Akamwambia Kondo, "Nilikuita mwizi mbele ya hawa." Kondo akajibu, "Uliniita, Mzee." Akamwekea kiti. Walikaa hapo, hawakuzungumza lolote la maana, mvua, jenereta, na mimi nikasimama. Leo asubuhi redio ya mzee Yunusu imerudi mezani na nyingine mbili. Mke wa Kondo hajarudi kuchota maji. Na Kondo ameniambia waziwazi, "Kazi yenu ya kuandika nitawaletea watu. Mashine yenyewe siigusi. Hata iwake moto." Kwa hiyo nimeifungua mwenyewe. Kile kipande cha nne nimekisugua meno. Inatosha barua za ukurasa mmoja, na wateja nimewaambia hivyo nikiwa nimesimama mbele yao.

Memori usitume kwa maneno. Ukituma, tuma vipande viwili.

Jana jioni nilichukua kalamu nikamuuliza Baba Mkubwa nikuandikie nini kwa niaba yake.  Akasema, "Mwandikie kwamba nimesikia."

Basi, amesikia.

Ziada